Posa Iliyosubiri Mtendaji

Mwaka wa 1968, posa ya binti yake ilipomfikia, Sheikh Marhoon hakuikataa wala hakuikubali. Aliomba afundishwe lugha ya mposaji.

Mposaji alikuwa Zainal Tarigan, fundi wa mitambo, Muislamu wa kabila la Wakaro wa milima ya Sumatra. Alishuka mgonjwa kutoka meli ya mafuta, akauguzwa nyumbani kwa sheikh, na alipopona akapata kazi katika bandari ya mafuta, ng'ambo ya kijiji cha Qurum, karibu na Maskati. Kiarabu chake kilikuwa cha chuo cha Kurani. Kiswahili alikiokota kwa watu wa nyumba ile, waliohamia Maskati kutoka Unguja.

Sayyida, binti mwenyewe, alimtaka. Baba yake, msomeshaji wa nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, tangu ujana, alitaka kwanza kumjua, na jibu moja lilimtia shaka. Alipomuuliza kama aliwahi kuoa, Zainal alisema tu, "Mke aliachwa." Katika nahau ya Kiarabu aliyolelewa nayo sheikh, kitenzi kikigeuzwa cha kutendwa, mtendaji huondolewa, ama kwa kuwa hajulikani, ama kwa kuwa anafichwa. Akamwambia binti yake kwamba mtu yule ana la kuficha.

"Basi mchimbe, baba. Mimi nnangoja," alisema Sayyida. "Ila usikawie mpaka nikaota mvi."

Sheikh na Zainal wakawa wanakaa barazani kila siku baada ya alasiri, kwa kahawa na halwa. Zainal alieleza kwamba Mkaro aweza kusema kwa kauli ya kutenda, *Ia nukur kerbo*, yeye amenunua nyati. Lakini akisimulia yaliyopita hupenda zaidi kusema *Itukurna kerbo é*, nyati yule amenunuliwa naye, na hiyo *-na* ya mwisho wa kitenzi ndiyo mnunuzi. Sheikh alizirudia sentensi hizo hadi ulimi ukalainika, kisha akamtania kwamba kwao nyati hutangulizwa, ana heshima kuliko aliyemnunua. Zainal akamjibu kuwa nyati akipotea, ndiye anayetafutwa kwanza.

Sheikh alicheka, lakini alikwisha kuelewa. Katika lugha ile mtendaji hakufukuzwa. Alibaki pale pale, ameshikamana na kitenzi chake. Huenda basi Zainal alisema vile kwa mazoea ya kwao, si kwa kuficha, na sheikh hakuwa na haki ya kudhani. Alikuwa na wajibu wa kuuliza. Siku ya pili akamweka Sayyida nyuma ya pazia, akatua kikombe.

"Yule mke, Zainal. Aliachwa na nani?"

Zainal angeweza kumtaja kadhi, au wazee, au safari.

"Na mimi, sheikh. Hakuwa na kosa. Nilipenda bahari kuliko nyumba."

Sheikh akasema kwamba hana sababu ya kumzuia mtu mkweli, ila ukweli wenyewe unamtisha, na uamuzi ni wa binti. Sayyida akasogeza pazia.

"Baba kauliza nani katenda. Mimi nnauliza: utatenda tena?"

Zainal akasema meli yake ilikwisha kurudi kumchukua, naye akamkatalia nahodha, kabla hajaleta posa.

"Nimesikia," alisema Sayyida. "Lakini talaka ya bahari iwe mkononi mwangu. Ukirudi huko, mimi ndiye nitakayeacha."

Zainal akainamisha kichwa, akakubali. Sheikh akaita mashahidi, akaligeuza sharti lile kuwa maneno ya akdi ya ndoa. Hata hivyo alimtaka Zainal aliseme kwanza kwa Kikaro. Akamsikiliza neno kwa neno, na aliposikia kwamba ataachwa "naye", mtendaji yuko mahali pake, ndipo alipompa mkono.