Pigo la Kufungia

Gozei alikuwa amekaa kizingitini akimenya viazi vitamu, lakini masikio yake yalikuwa nyuma ya nyumba, karibu na zizi la nguruwe, ambako mwanawe Zentoku alikuwa akifanya mazoezi ya sai. Sai ni ufito wa chuma, urefu wake kama kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole, na juu ya mpini zimechomoza pembe mbili za kunasia fimbo ya mtu. Hushikwa mbili, moja kila mkono. Zikikata upepo zina mlio wake, na mwanamke aliyeishi miaka na mume wa sai huufuata mchezo mzima bila kunyanyua uso. Vuu, vuu, kisigino chini. Vuu, geuka, kisigino. Halafu kimya. Zentoku akaanza upya toka mwanzo, akaja akakwama pale pale alipokwama jana na juzi.

"Zentoku."

"Naam, mama."

"Njoo ule."

"Viazi vimeiva?"

"Bado. Njoo hivyo hivyo."

Akaja jasho likimtiririka, akaziegemeza sai ukutani. Zilikuwa nzito kuliko za baba yake. Zile za zamani zilichukuliwa vita vilipopamba moto, chuma chote cha kijiji kilipokusanywa, masufuria, majembe, mpaka bawaba za milango. Hizi mpya mhunzi alizifua kutoka kwenye springi za lori la Wamarekani lililokuwa limepinduka mtaroni, na mipini akaizungushia kamba za miavuli ya askari wa angani. Kila kitu pale kijijini Kanehama siku hizo kilikuwa masalia ya vita. Hata maandazi walikaangia oili ya magari, na mtu alikula huku akijua.

"Baba yako hakukupa ile hatua ya mwisho," Gozei alisema, macho kwenye kiazi.

Zentoku akajifuta uso kwa kiganja. "Alisema atanipa nikitimiza ishirini."

"Na wazee walipokuuliza kikaoni?"

"Nilisema ninayo."

"Mbele ya watu wote."

"Ulitaka niseme nini, mama? Mzee Matsu aliniita kwa jina la nyumba. 'Mashariki, ya kwenu ipo?' Nyumba yetu haijawahi kujibu kwamba haipo. Na wewe ulikuwepo. Mbona ulinyamaza?"

Gozei alichukua kiazi kingine. Kikaoni alikuwa amekaa na wanawake nyuma, akasikia, na aibu ilimziba kinywa kama ilivyomziba mwanawe.

Mchezo wa fimbo na sai ulikuwa wa nyumba mbili tu. Fimbo ilikuwa ya nyumba ya Chohei, upande wa Magharibi. Sai ilikuwa ya nyumba ya Gozei, upande wa Mashariki. Kila baba alimfundisha mwanawe ya kwao tu, na ya jirani hakuiuliza. Zilikutana kwenye sherehe ya mwezi wa nane, mbele ya msitu mtakatifu. Mazoezi ya pamoja yalikuwepo, lakini pigo la kufungia halikutolewa mazoezini hata kidogo. Mwenye fimbo alilitoa siku yenyewe, kwa nguvu zake zote, kwa kuwa mungu wa msituni hapewi pigo la kuigiza. Mwenye sai naye awe na jibu lake. Asipokuwa nalo, kichwa ni mfupa tu, na fimbo ile ni mti mgumu.

Na hii ndiyo ilikuwa sherehe ya kwanza tangu vita viishe.

Laiti mwenye fimbo angekuwa mtu mwingine. Chohei alichukuliwa jeshini akaacha mke, Tsuru, na mtoto mchanga, Fumi. Alirudi mzima, akakuta kaburi moja la wawili. Mabomu yalipokuja, watu wa Kanehama waliingia pangoni, na mle ndani Fumi alilia siku nzima. Mume wa Gozei, Zensho, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kijiji. Ndiye aliyesema, "Mtoto huyu atatuua sote. Mtoeni." Tsuru akatoka na mwanawe mchana kweupe, na hakurudi. Zensho naye hakufika mbali. Aliuawa huko kusini kabla ya majira ya joto kwisha. Tangu hapo Chohei alimsalimia Gozei vizuri tu, kwa adabu zote, na adabu hiyo ilimtia Gozei baridi kuliko matusi. Miaka yote alikataa kushika fimbo. Mwaka huu wazee hawakumbembeleza, alikuja mwenyewe akasema, "Nitacheza."

Siku ya mazoezi ya pamoja Gozei alikwenda kutazama. Mzee Matsu, mpiga upatu, alikuwa ameketi juu ya pipa la mafuta akitania watu kama kawaida yake.

"Huko mjini nimesikia wanasema mfalme aliwanyang'anya watu mapanga, ndipo mkulima akashika fimbo na mpini wa jiwe la kusagia. Babu yangu alikuwa mkulima. Jembe lake halikuua hata panya."

"Sasa fimbo ilitoka wapi, mzee?" mtu akamchokoza.

"Ililetwa na mabwana wa ikulu waliofilisika. Walikuja kulima huku, mikono laini, njaa kali. Hawakujua kupanda kiazi, wakatufundisha kupigana. Tangu hapo tuna njaa na tunapigana."

Watu wakacheka. Chohei hakucheka. Alikuwa akisubiri katikati ya uwanja, fimbo wima ubavuni, akimtazama Zentoku kama mtu anayepima mbao kabla ya kukata. Walipocheza, kila pigo lake lilifika mapema kidogo kuliko upatu. Kidogo tu. Mgeni asingeona. Mzee Matsu aliona, akaongeza kasi ya upatu ili kumfuata.

Gozei alirudi nyumbani akiwaza njia nzima. Hata kama Chohei hana ubaya moyoni, atapiga kwa imani kwamba jibu lipo. Na kama ana ubaya, hakuna kinywa kitakachomlaumu. Watasema Mashariki hawakujua yao. Kumtoa Zentoku mchezoni kungekuwa kutangaza uongo wake mbele ya kijiji, na yeye mwenyewe alikwisha kusema bora afe. Kijana wa miaka ile husema hivyo, na ubaya ni kwamba humaanisha.

Asubuhi iliyofuata alifunga kitambaa kichwani, akachukua sai mbili akazifunika ndani ya kikapu kwa majani ya viazi, akavuka barabara kwenda Magharibi.

Chohei alikuwa uani, akilainisha fimbo kwa kipande cha chupa na mafuta ya nguruwe. Akamsogezea mkeka bila kusimama.

"Mama Zentoku. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kwako."

"Kwa heri au kwa shari?"

"Utaamua wewe." Akaketi. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakamponyoka. "Mwanangu hana jibu la pigo la kufungia. Baba yake alikufa nalo."

Kipande cha chupa kilisimama juu ya mti.

"Alisema analo."

"Alidanganya. Na mimi nilisikia, nikanyamaza."

"Wewe ni hodari wa kunyamaza, Mama Zentoku," Chohei alisema, taratibu, bila kupandisha sauti. Akaendelea kulainisha fimbo. Unga wa mti ulimdondokea magotini. Kisha akauliza, "Alikuwa akiliaje?"

Gozei hakuuliza nani.

"Hakuna aliyeniambia," Chohei alisema. "Nimezunguka kijiji kizima. Wote walikuwa mwisho wa pango, wote walikuwa wamelala, wote hawakuona. Ninyi mlikuwa mlangoni."

Basi Gozei akamwambia. Alimwambia kwamba Fumi alikuwa na jino moja la chini, na fizi ya pili imevimba, ndiyo maana kilio chake hakikuwa cha njaa. Kilikuwa kikipanda na kushuka kama cha mtu anayelalamika jambo. Kwamba Tsuru alimfunga mgongoni kwa kanga ya mistari ya buluu, akaifungua, akaifunga upya, kwa sababu fundo lilikuwa linamuumiza mtoto mguuni. Kwamba Zensho hakumsukuma. Alisema tu, halafu akageukia ukuta.

"Na wewe?"

"Nilimpa Tsuru kipande cha sukari guru."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Yeye alisema ahsante."

Chohei aliinua uso akatazama paa la jirani. Kuku akaja akadonoa unga wa mti, akautema. Gozei alikaa na kikapu chake mapajani, akingoja kufukuzwa.

"Simama," Chohei alisema.

Akasimama.

"Una sai humo kikapuni. Pembe zimetokeza majanini. Zitoe."

Akazitoa, akazishika kama alivyomwona mumewe akizishika. Chohei akasimama mbele yake, akaanza kutoa pigo lile polepole, polepole kama mtu anayechovya kata ndani ya mtungi. Ncha ya fimbo ilishuka kuelekea muundi, kama ya kufagia miguu. Kabla haijafika ikageuka, ikapanda kutoka chini hadi kidevuni. Mwenye kurudisha kichwa nyuma angekwepa hapo, na hapo ndipo mwisho wake, maana fimbo ilipita juu, ikazunguka, ikarudi chini moja kwa moja utosini.

"Mtu atarudi nyuma," Chohei alisema. "Kila mtu hurudi nyuma. Ndiyo maana huua."

"Rudia, baba."

Akarudia. Na safari hii Gozei hakutazama fimbo, alitazama ardhi. Maana yeye ndiye aliyefagia ule ua wa nyuma kila asubuhi ya ndoa yake. Mumewe alifanya mazoezi ya siri kabla ya jua, na asubuhi Gozei alikuta alama: mchoro kama mwezi mchanga uliochorwa na mguu wa kushoto, na mbele yake, si nyuma, shimo la kisigino cha kulia, limezama kweli kweli. Alilifukia kwa ufagio miaka na miaka, akilalamika kwamba ua hautulii. Hakupata kujua mikono ilikuwa ikifanya nini juu ya miguu ile. Sasa aliona.

"Hakurudi nyuma," alisema. "Aliingia."

Akaburuta mguu wa kushoto, akakita kisigino cha kulia katikati ya miguu ya Chohei, na sai mbili zikakutana juu ya kichwa chake mwenyewe, karibu kabisa na mikono inayoshika fimbo, mahali ambapo pigo bado halijapata uzito. Walikuwa wamekaribiana hata akasikia pumzi ya Chohei, ikinuka tumbaku.

"Kumbe ni hivyo," Chohei alisema. Akaiondoa fimbo. "Mfundishe. Lakini nikuambie, siku ile nitapiga kweli. Sitapunguza kwa ajili yako."

"Sijaomba upunguze."

"Haya, nenda."

Zentoku alipoelezwa alirusha ndoo.

"Umenivua nguo, mama. Umekwenda kwa yule, kati ya watu wote."

"Ungependa kuvuliwa nguo au kuvuliwa kichwa? Njoo hapa. Mguu wa kushoto."

"Nani kakufundisha sai wewe?"

"Ufagio. Mguu wa kushoto, nimesema."

Alijifunza haraka, alikuwa mwana wa baba yake. Kilichomshinda ni kule kuingia. Mwili ulikataa, ulitaka kurudi, na Gozei alisimama nyuma yake na mwiko, kila akirudi anamgonga kisogoni.

Siku ya sherehe kulikuwa na joto. Kuhani, bibi mkongwe wa mavazi meupe, alikaa mlangoni pa msitu uliobaki visiki vingi kuliko miti. Baragumu la kombe lilipulizwa. Gozei aliketi mbele kabisa, ambako wanawake hawakuwa na desturi ya kuketi, na hakuna aliyemwondoa.

Walicheza vizuri. Chuma kwa mti, mti kwa chuma, vumbi likipanda, na mapigo ya Chohei bado yalitangulia upatu. Kisha uwanja ukanyamaza kwa kuwa kila mtu alijua ni lipi linalofuata. Fimbo ikashuka muundini. Ikapanda kidevuni. Ikazunguka juu. Zentoku akaburuta mguu, akaingia, sai zikapishana juu ya kichwa chake.

Fimbo haikushuka.

Chohei alikuwa ameishika juu, mikono imenyooka, mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Mzee Matsu alipiga upatu wa mwisho, akasubiri, akaupiga tena. Mtoto mmoja akauliza kitu akanyamazishwa. Zentoku alibaki chini ya fimbo, shingo wazi, asijue afanye nini, maana jibu alilokuwa nalo halikuwa na swali. Halafu Chohei akaishusha fimbo pembeni, pole, akaiweka chini, akainama mbele ya msitu, akaondoka uwanjani bila kumtazama mtu.

Watu walinong'ona. Wengine walisema ni mkosi. Zentoku alikuja kwa mama yake uso umemvimba kwa hasira.

"Amenidharau. Nilikuwa tayari, mama. Niliingia. Uliniona."

"Nilikuona."

"Sasa kwa nini?"

Gozei alipakua sahani, nyama ya nguruwe na tofu, akaifunika kwa jani, akavuka barabara. Alimkuta Chohei ameketi uani pale pale, mikono mapajani, viganja juu.

"Mkono ulitaka, Mama Zentoku," alisema. "Nilipofika juu nikajua ulikuwa unataka tangu siku ya kwanza. Na haukutaka kwa ajili ya mungu."

Gozei akaweka sahani mkekani.

"Nilikuambia sitapunguza. Sikupunguza. Ama pigo lote, ama basi." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Sasa baba yangu ananitazama huko aliko. Sina mwana. Fimbo hii nimpe nani? Niambie basi, wewe uliyekuja na sai chini ya majani. Nani?"

Zamani Gozei angenyamaza. Alihisi ule unyamavu ukimjia, wa kawaida, wa kupendeza, kama blanketi.

"Mpe Zentoku," alisema.

"Mwana wa Zensho."

"Ndiyo. Hakuna mwingine anayejua kuingia chini yake."

Chohei alimtazama mpaka Gozei akatamani kuyafuta maneno yake. Kisha Chohei akachukua vijiti vya kulia chakula, akala kipande kimoja cha nyama, akakitafuna kwa muda mrefu, na sahani akaisukuma upande wa Gozei ili naye ale.