Zamu Tatu za Matanga

Wasifu wa marehemu niliuandika mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja na kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Jina, mahali alipozaliwa, shule, ubatizo, ugonjwa: hayo yalitoka bila shida. Kilichonikwamisha ni kazi. Kaka yangu Lusungu amefariki akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na sita, na wakati turubai linafungwa uani kwetu Tegeta nilikuwa bado sina neno la kuweka pale.

Alikuwa anatengeneza kompyuta za watu pale Mwenge, asubuhi tu, tena akijisikia. Muda wake mwingine wote ulikuwa wa gemu. Si gemu za mpira ambazo vijana wanachezea vibandani. Yake ilikuwa gemu moja ya zamani ya vita vya anga, yenye sayari ndogo kama punje za mtama na meli za kwenda kuziteka. Wala hakuwa anaicheza tu, alikuwa anaibadilisha. Mabadiliko hayo wenyewe wanayaita modi: mtu anaingia ndani ya gemu, anaongeza sheria zake, na wengine wanaichukua na kuicheza hivyo. Mgeni akiniuliza kaka anafanya nini, nilikuwa namjibu kwamba yuko kwenye mambo ya kompyuta, kisha namwongezea chai.

Baba mdogo Allen, aliyekuwa anaongoza shughuli zote za msiba, hakupata shida kama mimi.

"Andika mfanyabiashara," alisema. "Kesho watakuwepo watu wa ofisini kwangu. Usituletee michezo kanisani."

Nikaandika kwamba alijishughulisha na biashara ya vifaa vya kompyuta, akishirikiana na rafiki yake Hudhaifa wa Tabata. Hilo la rafiki niliongeza mwenyewe, ili uongo upate mguu wa kusimamia.

Hudhaifa akafika mchana ule ule. Nilimfahamu kwa sauti kuliko kwa sura, maana kwa miaka mingi yeye na kaka walibishana kwenye simu, na ukuta wa chumba cha kaka ndio ukuta wa chumba changu. Kaka alikuwa anasema gemu ya zamani ni kama bao: unacheza, unatulia, unamwacha mwenzako afikiri mpaka amalize, ndipo inarudi kwako. Hudhaifa alipenda zile mpya, ambazo meli zote zinakwenda kwa wakati mmoja, nyota zinawaka kama ukumbi wa harusi, na ukiinuka kunywa maji unakuta umeshatekwa.

"Gemu yako hiyo ya kusubiria pensheni, braza," alikuwa anamwambia.

Kaka anamjibu kwamba zake ni Kariakoo ya kuamkia Idi: taa nyingi, na ukitoka huna pochi. Wanacheka, halafu wanaanza upya. Mimi nilikuwa nagonga ukuta wapunguze sauti.

Siku hiyo Hudhaifa aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akakaa kwa wanaume, kisha akaja kunitafuta kwenye tangi la maji ambako nilikuwa nakinga ndoo. Alisema ameombwa azungumze kesho kwa niaba ya marafiki.

"Nataka niseme kuhusu modi yake ya matanga," alisema. "Mtaniruhusu, dada Bupe?"

Sikuijua modi hiyo, wala sikuuliza. Niligeuka kuangalia nani yuko karibu.

"Sema mlikuwa mnafanya biashara pamoja," nilimwambia. "Ndivyo tulivyoandika."

Alinitazama kidogo, halafu akatazama ndoo.

"Haya. Msiba ni wenu."

Kwetu wasifu hausomwi kanisani kabla haujasomwa nyumbani, kwa sababu hakuna msiba usiokuwa na shangazi aliyesahauliwa. Tukakusanyika sebuleni kabla karatasi haijapelekwa steshenari kuchapwa. Hudhaifa naye aliitwa, kwa kuwa jina lake limo. Nikasoma. Nilipopita kwenye biashara niliongeza mwendo, lakini Shangazi Benedicta alikuwa ameshainua kichwa.

Alimuuliza Hudhaifa hilo duka liko wapi. Mwanawe Praygod amemaliza chuo na yupo tu nyumbani, na sasa Lusungu hayupo, bila shaka kuna pengo.

"Si kwamba nakimbilia nafasi ya marehemu, mwanangu," alisema. "Nauliza tu."

Hudhaifa akanitazama. Mimi nikatazama karatasi.

"Duka lipo, shangazi," alisema. "Lipo Tabata."

Duka lilikuwepo kweli, la vyombo, la baba yake. Lakini Shangazi hakuishia hapo. Alitaka kujua Lusungu alishika kitengo gani. Hudhaifa akasema alikuwa anapanga vitu. Vitu gani? Vitu mbalimbali. Alivua kofia, akaivaa tena. Mtu amevuka mji kuja kumlilia rafiki yake, na mimi nimemkalisha mbele ya baba yangu aseme uongo juu ya marehemu ambaye bado hatujamzika. Masikio yangu yaliwaka moto.

"Hakuna duka, shangazi," nilisema. "Kaka alikuwa anatengeneza gemu."

Baba mdogo alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa. Baba akaniangalia.

"Gemu gani?"

Kaka alikuwa akiniita, Bupe njoo uone, nami namjibu mboga itaungua. Aliendelea kuniita hata miaka ambayo nilikuwa nimeshaacha kumjibu. Sikuwahi kuingia chumbani kwake nikatazama alichokuwa anakifanya.

"Sijui, Baba," nilisema. "Hudhaifa ndiye anajua."

Akaeleza, akimwelekea Baba peke yake. Alisema katika ile gemu ya zamani sayari ikitekwa inabadilika rangi tu, na mwingine anaendelea kucheza. Mwaka aliofariki mama yetu, Lusungu aliongeza sheria. Sayari ikianguka, kunakuwa na zamu tatu za matanga. Hakuna kupiga. Sayari za jirani lazima zipeleke chakula, na asiyepeleka, baadaye hapewi njia kwenye anga za wenzake. Watu wa nchi ambazo Lusungu hakuwahi kufika waliichukua modi hiyo. Mwanzoni walilalamika kwamba inachelewesha vita. Sasa wapo wasiotaka kucheza bila hiyo. Hudhaifa mwenyewe alikuwa amejaribu kuitia kwenye gemu mpya, kwa ajili ya kumfurahisha mwenzake, na alishindwa.

"Kwa nini ulishindwa?" Baba aliuliza.

"Kule hakuna zamu, mzee. Kila kitu kinakwenda pamoja. Wewe ukisimama kuhani, mwenzako anachukua nafasi. Watu wakawa wanasubiri matanga ndipo wavamie."

Shangazi Benedicta alivuta khanga yake mpaka magotini.

"Na aliyeiteka hiyo sayari?" Baba aliuliza. "Naye analeta chakula?"

"Analeta, mzee. Sheria inamtaka yeye awe wa kwanza. Na ukikirudisha chakula chake, matanga yanaanza upya. Hiyo Lusungu hakukubali kuitoa, hata walipomwomba."

Baba akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kwenye msiba wa mama yetu yule jirani tuliyekuwa na kesi naye ya kiwanja alileta gunia la mchele, na yeye akaamuru lirudishwe. Alimtuma Lusungu. Lusungu alilibeba mgongoni, akapita nalo katikati ya waombolezaji, watu wanamwona.

Mimi nilikuwepo siku hiyo. Niliona gunia likitoka, nikaona aibu kwa ajili yetu sote, na sikumuuliza kaka aliporudi alikuwa amesema nini huko.

Baba mdogo Allen alisema hayo si maneno ya kanisani, na kwamba steshenari itafungwa.

"Na ifungwe," alisema Baba. "Bupe, andika upya."

Nikachukua karatasi safi, nikasogeza kiti mpaka alipokaa Hudhaifa. Nilimuuliza kaka aliianza lini kazi ile, na modi yake ya kwanza kabisa ilikuwa ipi.

"Dada, si mlikuwa mnakaa naye?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya, alishangaa tu.

Sikuweza kuinua uso. Alisubiri, na alipoona kalamu yangu imetulia juu ya karatasi, akaanza kunieleza polepole ili nimfuate, kama anavyoelezwa mtu aliyepita msibani akiwa hamjui marehemu.