Paipu Nyeupe ya Mama

Mama aliitamka sentensi ile akiwa anaanua nguo, wala hakujua kama amemchoma mtu.

“Kazi ya sola ya hapa nyumbani nimempa mdogo wako. Wewe unajulikana tayari. Mwache naye aonekane.”

Fundi Koleo, kifungua mimba wake, alijikaza kisabuni. “Sawa, mama. Vizuri.”

Vizuri wapi! Miaka ishirini alikuwa akipanda mapaa ya watu, mabati yakimuunguza magoti, mpaka majirani wakasahau jina lake na kumwita kwa kifaa kisichotoka mkononi mwake. Na katika miaka yote hiyo mama hakuwahi kumtambulisha kama fundi. “Huyu binti yangu anahangaika na nyaya,” ndivyo alivyowaambia wageni. Lakini kitinda mimba alipofunga taa yake ya kwanza sebuleni, taa moja tu, tena imepinda, mtaa mzima ulisikia: “Mwanangu fundi!”

Na huyo fundi alifundishwa na nani? Na Koleo huyohuyo. Miaka sita alitembea naye, akimfundisha kwa njia yake, maana hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea, alisema neno moja: “Fungua.” Yaani bomoa, uanze upya. Ukipatia, alinyamaza na kusogea kwenye kazi inayofuata. Sifa hakumpa mtu. Hata yeye hakuna aliyempa. Mdogo wake alizoea, mpaka ikawa mzaha wa nyumbani: “Dada akinyamaza, ujue umepata cheti.”

Jumanne wakakutana kwenye duka la vifaa vya umeme. Koleo alikuwa amefuata swichi za mteja wake. Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya roli mbili za paipu laini, ile inayojikunja na kupitishiwa nyaya. Moja nyeusi, ngumu kidogo, imepigwa maandishi ubavuni kila baada ya hatua moja kwamba inastahimili jua na haipitishi maji. Nyingine nyeupe, laini kabisa, haina hata herufi.

Kwa kazi ya juu ya paa hapo hapana mjadala. Kanuni zinataka yenye maandishi. Nyeupe ni ya ndani ya dari. Ukiianika juani, baada ya muda inakauka, inapasuka, mvua inaingia, na nyaya za sola hubaki na umeme mchana kutwa hata uzime swichi zote za nyumba. Koleo aliyajua hayo kama anavyojua vidole vyake. Mdogo wake hakuyajua, kwa sababu kazi za paani Koleo alizishika mwenyewe siku zote na kumwachia mwenzake za ndani.

“Nyeupe itapendeza na ukuta wa mama,” mdogo wake alisema. Aliikunja, ikakunjika bila ubishi. Kisha akamgeukia dada yake, akamtazama usoni, akangoja.

Neno lilifika ulimini. Fungua. Neno moja tu! Lakini wivu ulimzuia. Akilini alimwona mama akipita nyumba kwa nyumba na “mwanangu fundi” wake. Aliye juu mngoje chini, alijisemea moyoni. Mkaguzi wa umeme atakuja, ataiona, atamwaibisha mbele ya mama, paipu itabadilishwa kabla jua halijaiharibu. Nani ataumia? Akachukua swichi zake, akasogea kwenye kaunta.

Mdogo wake alitabasamu. “Nikatie hii nyeupe,” alimwambia muuzaji.

Siku ya ukaguzi Koleo alifika wa kwanza, amevaa nguo safi kama mtu anayekwenda harusini. Kilichomuuma ni kwamba kazi ilikuwa nzuri. Paneli sita zilikaa sawasawa, vibanio vilipishana kwa umbali mmoja, na paipu ilishuka ukutani kwa mkunjo mpana usiobana waya. Mkunjo ule ulikuwa wake, alimfundisha yeye. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo aliijua peke yake.

Mkaguzi, mzee mwenye miwani ya kamba, alipanda paani akaikagua paipu kutoka paneli mpaka ukingo wa bati, akiigeuza huku na huku. Aliposhuka alikuwa ameshafunga kalamu yake.

“Haina maandishi. Hii ni ya ndani. Sitii sahihi.”

Koleo aliisubiri furaha yake. Haikuja, kwa sababu mdogo wake, aliyebaki juu ya bati, hakushtuka hata chembe.

“Mzee, hapo umeteleza. Dada yangu alikuwepo dukani. Nilimwonyesha, akanyamaza.”

“Akanyamaza, halafu?”

“Humjui dada yangu wewe! Miaka sita nimefanya naye kazi. Angeona kosa angesema. Hawezi kuniacha nipotee.” Akachungulia chini akicheka. “Dada, mweleze bwana!”

Mama, aliyekuwa ameshika ngazi, akageuka. “Mwambie basi, mwanangu. Huyo mdogo wako bado anajifunza. Fundi ni wewe.”

Miaka ishirini aliyangoja maneno hayo. Sasa yalikuwa yamemfikia, na aliona aibu.

“Mkaguzi amesema kweli,” alisema. “Ni ya ndani. Nilijua tangu dukani.”

“Ulijua?” mama aliuliza.

“Nilijua, nikanyamaza. Nilimwonea wivu, mama.”

Mama aliiachia ngazi, akaingia ndani. Ngazi ikayumba, Koleo akairukia na kuishika kwa mikono miwili. Juu, mdogo wake alitazama ni nani aliyeishika. Alikaa pale ukingoni kitambo kirefu kabla ya kuteremsha mguu.

Jumatatu walirudi dukani pamoja, maana mkaguzi alikuwa amewapa wiki moja. Mdogo wake aliinua ile nyeusi. Koleo aliyasoma maandishi, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kusogea.

“Sema, dada.”

“Si umeniona nimekubali?”

“Nimekuona. Sema kwa mdomo.”

Koleo alimgeukia. “Hiyo ndiyo. Umepatia.”

Tangu wazaliwe hakuwahi kumwambia neno hilo. Mdogo wake aliitikia kwa kichwa, akaishika paipu vizuri, akamgeukia muuzaji.

“Eti kaka, ni kweli hii ni ya juani?”