Chupa Isiyo na Lebo

Boksi lilipofika, Delmar Hoekstra hakulifungua mlangoni. Alilibeba kwa mikono miwili kama mtu abebaye mtoto aliyelala, akaliweka juu ya meza ya jikoni, akanawa mikono, ndipo akatafuta kisu. Tad Pelkey, aliyelifunga kule Vermont, alikuwa fundi wa kufunga. Kila chupa aliiviringisha nailoni ya mapovu, akaitia kwenye mfuko, akauvika mfuko soksi kuukuu, na pembe zote akazijaza magazeti. Ukilitikisa boksi lake halilii hata kidogo.

Wazee hawa wawili walikuwa wametumiana bia kwa miaka tisa na hawajawahi kuonana uso kwa uso. Zilikuwa bia za viwanda vidogo, zile zinazouzwa palepale zinapopikwa, siku moja tu, watu wakipanga foleni alfajiri kwenye theluji na viti vyao vya kukunja. Tad alimpangia Delmar foleni Vermont, Delmar akampangia Tad foleni Michigan. Nauli ya boksi ilizidi bei ya kilichomo, na Corrine, mke wa Delmar, alishauliza zaidi ya mara moja kama Michigan imeishiwa vinywaji. Delmar alimjibu kwamba bia ni ya kunywa, lakini boksi ni la kungojewa. Tangu kiwanda cha samani kimpe saa ya ukutani na kumwambia kwaheri, hakuwa na kingine cha kungojea. Binti yao alipiga simu Krismasi. Tad alipiga kila boksi lilipofika.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Tad hakulijua. Msimu wa baridi uliopita Delmar aliugua ule ugonjwa uliozunguka dunia nzima. Akalala, akaamka, akapona, ila pua haikuamka naye. Kahawa ikawa maji ya moto. Kitunguu kikawa kitu cha kutafuna. Na bia, ambayo mtu huionja puani kuliko kinywani, ikawa baridi na mapovu, basi. Daktari akasema tuipe muda. Muda ukapewa, ukapita, pua ikabaki vilevile.

Kwa Tad hakusema neno. Angemwambia nini? Urafiki wao wote ulipitia puani. Kwa hiyo akawa anatazama rangi ya bia, anasoma walichoandika watu wengine, kisha anamwambia Tad, "Hii ina nanasi, kaka, nanasi na majani ya msonobari," na Tad anafurahi mpaka unasikia anapiga paja. Ukianza uongo wa namna hiyo, unakuwa kama kulea mbuzi ndani ya nyumba. Kila siku lazima umlishe.

Simu ikalia. Delmar akaiweka mezani na kufungua sauti.

"Limefika?"

"Limefika zima. Soksi hizi ulizivaa lini?"

"Nimezifua. Nusu. Umeiona ya karatasi?"

Kila boksi lilikuwa na nyongeza ambayo haikuwemo kwenye mapatano, chupa isiyo na lebo, imefungwa karatasi ya kaki. Aliyepokea alipaswa kuonja na kusema ni bia ya nani, na akishindwa anamlipa mwenzake kwa chupa nzuri, kama vile sisi anayeshindwa kitendawili anavyotoa mji. Safari hii za karatasi zilikuwa mbili, pacha.

"Moja ya kutegua, moja ya akiba," alisema Tad. "Haya, kitendawili."

"Tega."

"Bibi yangu ana gauni la shaba na kilemba cheupe. Ukimbusu anakuachia masharubu."

"Bia. Hilo hata mchungaji wangu analijua."

"Bia ya nani, mzee mwenzangu? Ndo swali. Mimina."

Delmar akamimina. Ilikuwa nzito, yenye ukungu, rangi ya juisi ya machungwa, na povu limesimama vizuri. Alijua kwamba Hallam, kile kiwanda kikubwa kwa jina kule kwao Tad, kilikuwa kimetoa bia ya namna hiyo majuzi tu. Aliisoma habari hiyo. Akanusa kwa sauti, simu isikie. Akanywa. Baridi. Mapovu.

"Hallam," alisema. "Ile yao mpya."

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu.

"Sema tena."

"Hallam. Machungwa mbele, embe kwa nyuma. Safi kabisa. Nimekosea?"

"Del," Tad alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Hiyo nimeipika mimi. Gereji kwangu. Mimi na lile sufuria ulilolicheka."

Delmar aliitazama glasi kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Tad akaanza kumwaga maneno. Kuna bwana mmoja, Roscoe Lamb, ana jengo la zamani la maziwa, anataka kulikodisha. Anataka jibu Jumamosi. Majirani wote wamesema bia ni nzuri, lakini majirani wanainywa bure, wanywaji wa bure wana ulimi gani? Yeye mwenyewe ameishi na harufu ile gereji nzima mpaka haisikii tena, hajiamini.

"Nikasema namtegea Del. Del akisema takataka, nauza sufuria. Akisema ni bia tu, nabaki na gereji yangu. Sasa wewe umesema Hallam. Hallam, Del!"

"Na pesa ya kuanzia?"

"Nauza msitu wa mama."

Delmar aliujua msitu ule bila kuuona. Miti ya mepo ambayo mama yake Tad alikuwa akiigema utomvu kila mwisho wa baridi, akauchemsha usiku na mchana mpaka uwe sharubati. Kila mwaka Tad alitia kopo moja kwenye boksi. Kwa Tad msitu ule ndio uliokuwa kaburi la mama, kwenye lile la kanisani haendi.

"Tad," alisema.

"Nini?"

"Hongera, kaka."

Simu ilipokatika, Corrine aliingia kutoka mazoezi ya kwaya, akapangusa buti, akasimama.

"Nani amekaanga bisi?"

"Hakuna bisi."

"Basi siagi. Jikoni kote siagi, kama sinema." Akaifuata pua yake mpaka mezani, akainamia glasi, akarudi nyuma. "Ni hii. Watu wanalipa kwa ajili ya hii?"

Delmar akakaa. Siagi aliifahamu. Miaka yote aliyokuwa na pua, ndiyo dosari aliyoichukia kuliko zote. Bia iliyoharakishwa, ikatolewa kwenye chombo hamira haijamaliza kazi yake, hunuka hivyo, na kila siku inayopita inazidi. Mnywaji wa kawaida huenda asijue jina lake, lakini glasi ya pili haagizi.

"Mpigie," alisema Corrine, alipokwisha kuelezwa.

"Nimwambieje?"

"Kwamba inanuka siagi."

"Ataniuliza mbona dakika kumi zilizopita ilikuwa Hallam."

"Basi mwambie la pua."

"Corrine, ananipangia foleni kwenye theluji. Ana goti bovu. Mwaka mzima. Nimwambie nilikuwa nakunywa maji?"

"Ulikuwa unakunywa maji, Del."

Kuna wanaume ambao jambo la kusema likiwashinda hulitafutia boksi. Delmar alikuwa mmoja wao, na miaka tisa ya kutumiana vitu ilikuwa imemzidisha. Alikumbuka kwamba kwenye friji ana Hallam ya kweli, aliyotumiwa na Tad mwezi uliopita. Akaibandua lebo kwa maji ya moto. Akachukua na ile chupa pacha ya Tad, akazifunga zote mbili karatasi ya kaki, ya Hallam akaitia alama ya duara, ya Tad akaiacha tupu. Tad atazionja pamoja, bila kujua ipi ni ipi. Siagi ataikuta mwenyewe, atashtuka mwenyewe, atampigia Roscoe mwenyewe. Pua ya Delmar haitatajwa.

"Unamtegea," alisema Corrine.

"Ndivyo tunavyoongea."

"Ndivyo msivyoongea. Haya, umeshika tepu vibaya, lete."

Kwenye duka la kutumia mizigo, binti wa kaunta aliliinua boksi akalisikiliza. Kutuma bia kwa mtu kulikuwa kumekatazwa, na kila mwenye kutuma alijua la kusema.

"Kuna kimiminika humu, babu?"

"Vyombo vya glasi."

"Ulituma vyombo vya glasi mwezi uliopita. Na ule mwingine."

"Rafiki yangu anavunja sana."

Binti alicheka, akabandika karatasi yake. Alisema litafika Ijumaa. Delmar alilipia safari ya haraka, ile ya ndege, na hakumwambia Corrine ni kiasi gani. Corrine naye hakuuliza.

Usiku ule baridi ilishuka ikakaa. Bomba la jirani lilipasuka, gari la Corrine likagoma kuwaka. Delmar alikuwa akifungua simu kuangalia safari ya boksi mara baada ya mara. Limetoka. Limefika ghala la kati. Limekaa. Alijua vizuri kinachotokea kwa bia inayolala ndani ya ghala lisilo na joto. Inaganda, inavimba, inatafuta pa kutokea, na mahali pake ni kifuniko.

Ijumaa mchana simu iliandika kwamba mzigo umeharibika, umevuja, umetupwa. Mwenye mzigo anaweza kudai. Angedai nini? Vyombo vya glasi havivuji.

"Sasa piga," alisema Corrine.

Akapiga. Simu ya Tad iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena jioni, akaambiwa na ile sauti ya mashine aache ujumbe, akafungua mdomo, akasema, "Ni mimi. Nipigie kabla hujamwona Roscoe," halafu akakata, maana mengine yalikataa kutoka kwenye mashine.

Tad alipiga Jumamosi baada ya chakula cha mchana.

"Samahani kaka, nilikuwa kwa mwanasheria jana kutwa, simu nikaiacha kwenye gari. Roscoe alitaka tumalize mapema. Tumetia sahihi! Msitu umekwenda, jengo ninalo. Unajua alisemaje alipoonja? Kasema inamkumbusha bisi. Nikamwambia wewe mzee wa maziwa unajua nini, kuna mtu Michigan ana pua ya mbwa, kaiita Hallam. Akainua mabega, akasema pango ni pango."

Corrine alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Delmar hakumtazama.

"Tad. Bisi ni kweli."

"Kweli nini?"

"Ina siagi. Uliitoa mapema. Corrine ndiye aliyesikia. Mimi sikusikia. Mimi sisikii harufu ya kitu, Tad, tangu nilipougua."

Delmar akaitazama simu kuona kama bado inawaka.

"Na ile nyeusi ya Machi?" Tad aliuliza. "Niliyoilalia nje."

"Sikuisikia."

"Ile uliyosema ina nanasi."

"Niliisoma mahali."

"Ya harusi ya binti yangu, Paulette? Zilikuwa mbili tu mji mzima, Del. Nilimnyima mwanangu."

"Hapana."

Tad alivuta pumzi. Nyuma yake kulikuwa na mwangwi, pengine alikuwa tayari amesimama ndani ya lile jengo tupu.

"Asante kwa kuniambia," alisema, polepole, kwa adabu. "Msalimie Corrine."

Akakata.

Corrine akavuta kiti. "Kasemaje?"

"Kanishukuru."

"Basi afadhali. Nilidhani atakutukana."

"Ananitukana kila siku, miaka tisa," alisema Delmar. "Hajawahi kunishukuru hivyo."

Corrine akakikunja kitambaa cha vyombo. Nje gari la mizigo lilipita taratibu kwenye barafu, likawasha taa ya kukata kona, likaingia kwa jirani. Delmar aliinuka nusu, mkono tayari kwenye mgongo wa kiti, kisha akakaa tena.