Mstari wa Jirani

Asubuhi ya kupiga kura ya maharage, Esteri alimenya muhogo, akauinjika, akamvisha mjukuu wake Claudine sweta la shule, wakashuka pamoja hadi uwanja wa shule ya msingi. Njiani Claudine alipumzika kwenye jiwe la kwa mzee Niyibizi, akapumzika tena kwenye mparachichi, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikuwa mtoto wa darasa la tatu mwenye viganja vyeupe kama vya mtu aliyeshinda akifua. Zahanati walishasema damu imepungua. Walishasema pia ale vizuri, na Esteri alishasema ahsante.

Uwanjani alisimama Dk. Anania, mtafiti kutoka chuo kikuu cha mbali, mtu mpole mwenye viatu vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa udongo wa Heru Juu. Akaeleza. Yako maharage mapya ya kurefuka, yale yanayopanda miti, yenye madini ya chuma kupita yaliyozoeleka. Alitaka kujua kama mtoto akiyala msimu mzima damu itaongezeka, na damu ikiongezeka, kama atasoma vizuri zaidi. Kwa hiyo kijiji kingegawanywa kwa barabara. Upande mmoja ungepewa mbegu. Upande wa pili usingepewa kitu, ili ule wa kwanza upate wa kulinganishwa nao.

Vifuniko viwili vya soda vikatiwa kwenye ndoo, chekundu cha juu na cheupe cha chini. Mwenyekiti wa kitongoji akafumba macho, akatoa chekundu. Watu wa upande wa juu wakapiga vigelegele. Esteri alikaa upande wa chini.

Akanyoosha mkono. "Daktari, sisi wa chini tutakula nini?"

"Mtakula kama kawaida, mama."

"Kawaida ndiyo inayomwangusha huyu mtoto paredi kila Jumatatu."

Watu wakacheka. Dk. Anania hakucheka, aliandika. "Ndiyo maana tunafanya utafiti, mama. Ikionekana yanasaidia, na nyinyi mtaletewa."

"Na huyu atakuwa amesimama anayasubiri?"

Hilo hakuliandika. Akampisha Twalibu, kijana wa mjini Kasulu, mtoto wa muuza duka, aliyeajiriwa kusimamia mambo kwa pikipiki. Twalibu akasoma kanuni kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Mbegu isivuke barabara. Jani lisivuke. Ganda lisivuke. Chungu kisivuke, wala mtoto asivuke na njaa yake. Kisha kila nyumba ya upande wa chini ikapewa kipande cha sabuni kwa kushiriki.

Esteri alizijua foleni. Aliolewa Heru Juu akitokea kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kabla haijafungwa, na huko kambini aliishi kwenye foleni ya unga. Lakini hata Mtabila, alikuwa akisema, aliyepata leo alimmegea aliyekosa, na hakuna aliyekuja kumshika mkono. Alirudi nyumbani na sabuni yake.

Mkabala na nyumba yake, ng'ambo ya barabara, aliishi Mwamvua, mama yake Zuleha. Zuleha na Claudine walikaa dawati moja. Wanawake hawa wawili walishachangia moto, chumvi, na dawa ya chango, na mwaka mmoja wa mvua mbaya walichangia hata mbuzi, mmoja akimlisha asubuhi na mwingine jioni, hadi mbuzi mwenyewe asijue ni wa nani. Sasa Mwamvua alipewa mfuko wa mbegu nyekundu zinazong'aa, akauweka uvunguni kama kitu cha wizi.

Ikafika siku ya kupanda. Sasa, watu wa huko hawapandi shamba lote likawa lao. Mstari wa mwisho, ule wa kando ya njia, ni mstari wa jirani. Ukifukia mbegu ya mwisho unamtaja jirani kwa jina, na siku ya kuganura, yaani kuonja mazao mapya, yeye ndiye anayeuchuma. Anayeganura peke yake, husemwa, msimu unaofuata jembe humkana.

Mwamvua alikuwa mtu wa kushika neno. Alikwisha kuapa kwamba mwaka huu hatamtaja mtu. Akapanda tangu umande, jua likamchoma shingo, kiuno kikaanza kulia, mawazo yakaenda kwenye kisamvu alichokiacha jikoni. Mguu ukafukia mbegu ya mwisho, na mdomo, kwa mazoea tu, ukasema, "Huu wa Esteri."

Akajiziba kinywa kwa mkono wenye udongo. Kisha akasimama kando ya barabara, akapaza sauti kumwita Esteri kwa jina la mwanawe. "Mama Kipriani! Nimekutaja!"

Esteri alikuwa akifua kwa ile sabuni ya utafiti. "Umenitaja wapi?"

"Mstarini! Ulimi umeteleza!"

"Sasa utalirudishaje?"

"Halirudi!"

"Basi acha, mwenzangu. Jina halina uzito, nani atalipima?"

Kufikia jioni ilijulikana kwamba upande wote wa juu umeteleza vilevile. Hata mzee Niyibizi, aliyekuwa na ugomvi na jirani yake wa chini kwa ajili ya mbwa aliyekufa zamani, alimtaja, ingawa alisema alikuwa anakohoa.

Maharage yakaota vizuri. Yalipofikia urefu wa mtu, ile mistari ya mwisho iliiacha miti iliyochomekewa, ikageukia barabara. Marando hayakutambaa chini. Yalipita hewani, usawa wa kifua, bila kushika kitu, kama mtu anayenyoosha mikono kupokea mtoto. Yakafika ng'ambo, yakashika mapaa, yakatulia. Ya Mwamvua yalishika paa la Esteri upande wa jikoni. Ya mwanamke mmoja aliyewataja majirani wawili yaligawanyika katikati ya barabara. Ya mzee Niyibizi nayo yalivuka, ila yalivuka kwa kuzunguka, yamegeuza uso.

Waendesha bodaboda walilalamika kwa mwenyekiti kwamba wanainama mno. Dereva wa fuso lililobeba mihogo akasimama, akapiga honi. "Mama, inueni maharage yenu, nina mzigo!"

Esteri akatoka jikoni, akapiga makofi kama anayefukuza kuku. "Haya, pandeni kidogo." Maharage yakapanda mpaka fuso likapita. Dereva akashukuru, na tangu siku hiyo yakabaki usawa huo, yamekuwa dari. Chini yake barabara ikawa na kivuli, na ng'ombe wakaanza kulala humo.

Twalibu alikuja kukagua. Rando moja lililoning'inia likamvua helmeti. Akaiokota, akampigia simu Dk. Anania.

"Bosi, maharage yamevuka."

"Nani kayavusha?"

"Yamevuka yenyewe, bosi. Yamepita juu."

"Juu ya nini?"

"Juu yangu."

Akaambiwa ayakate. Akaazima ngazi na panga, akakata toka mwanzo wa kitongoji mpaka mwisho wake, na Esteri akamletea maji ya kunywa, maana jua lilikuwa kali na kijana alikuwa mtoto wa watu. Yaliyokatwa yakasubiri Twalibu aketi kula. Alipomega tonge la kwanza yakaungana, na pale yalipoungana pakawa panene kama goti. Twalibu akamaliza kula, akarudisha ngazi.

Dk. Anania alifika siku ya kuganura. Aliwakuta watu wa juu na wa chini wameketi katikati ya barabara, juu ya mikeka, chini ya dari lile, na vyungu vya maharage mabichi yaliyoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo. Chungu hakikuvuka barabara. Kilipikwa juu yake. Mafuso mawili yalikuwa yamezimwa pembeni na madereva wananawa mikono.

"Mwakeye," akasalimia. Wakaitikia wote.

Akamwita Mwamvua. "Mama Zuleha, umempa jirani mbegu?"

"Sijampa."

"Jani?"

"Sijampa."

"Ganda?"

"Halijatoka mkononi mwangu hata moja, Mungu ananiona."

"Sasa yamefikaje kwake?"

"Nilimtaja tu."

Dk. Anania akafungua kanuni zake, akazisoma zote akiwa wima, akazirudia. Hakuna palipokatazwa kutaja. Alikuwa mtu wa haki, akakubali. "Hili tutaliongeza safari ijayo," akasema.

Akapewa sahani. Akauliza, kwa adabu, akae upande gani, maana hataki kuonekana ana kundi.

"Kaa hapohapo katikati," Esteri akamwambia. "Kwani sisi tumekaa wapi?"

Akakaa, akala, akaongezwa.

Msimu ukaenda. Kila alfajiri Esteri alitandika kanga chini ya paa lake, na maharage yakajidondosha humo, yaliyokauka peke yake na mabichi peke yake. Claudine akaacha kupumzika penye mparachichi. Halafu akaacha kupumzika penye jiwe, na mzee Niyibizi, aliyezoea kumwona hapo, akatuma mtu kuuliza kama mtoto amehama shule. Siku moja alimpita bibi yake njiani, akaenda kumsubiri langoni.

"Mbona unanikimbia?" Esteri akauliza, anahema.

"Sikukimbia, bibi. Nilitembea tu."

Ikaja siku ya kupima damu. Watoto wa juu na wa chini wakapangwa uwanjani, wazazi wakajaa pembeni, na mwalimu mkuu akatoa hotuba. Mwalimu mkuu huyo alikuwa na hotuba inayojulikana mpaka Kasulu mjini. Mwenyekiti wa kitongoji aliketi kabla hotuba haijafika katikati. Mgeni mmoja wa serikali aliombewa kiti. Claudine alisimama mwanzo hadi mwisho, mikono mgongoni, akajibu "ndiyo mwalimu" kila ilipotakiwa. Esteri hakumwondolea macho. Mikono yake ilikuwa imekaa tayari kudaka mtoto, kwa mazoea, na haikupata kazi.

Twalibu akamchoma Zuleha kidoleni, akatia tone kwenye kimashine, akasoma. Akamchoma Claudine. Tone likatoka duara, jekundu, zito kama mbegu. Akasoma. Akafuta kimashine, akasoma tena.

"Wamelingana," akasema.

Mwamvua ndiye aliyeanza kigelegele. Esteri akakipokea, upande wa chini wakakipokea, na wa juu wakakichukua tena, kikapanda mlima hadi waliokuwa mashambani wakaacha majembe wakaitikia bila kujua kwa nini. Mtoto mmoja baada ya mwingine alichomwa, na kila mmoja alikuwa sawa na mwenzake wa ng'ambo. Wakapimwa kusoma pia, na waliosoma kwa kugugumiza sasa walisoma kama wanaosoma barua ya kwao. Mzee Niyibizi akamshika mkono jirani yake wa chini, wakasimama hivyo kitambo, wakiangalia pande tofauti.

Dk. Anania alikuwa kivulini na kompyuta yake. Alihesabu, akahesabu, kisha akamwita Esteri.

"Mama Kipriani. Hakuna tofauti kati ya juu na chini."

"Ego, ndiyo. Hakuna tofauti," akasema Esteri, akapiga kigelegele kingine.

"Hujanielewa. Kama makundi hayana tofauti, natakiwa kuandika kwamba maharage hayasaidii."

"Yamesaidia au hayakusaidia?"

Dk. Anania akatazama uwanja. Claudine alikuwa anamkimbiza Zuleha kuzunguka mlingoti wa bendera, na Zuleha alikuwa anaomba poo. "Yamesaidia," akasema. "Ninamwona. Ila siwezi kumweka kwenye hesabu."

"Mwache nje ya hesabu basi. Nje ndiko anakokimbia."

Akaandika kama kazi yake ilivyotaka. Ripoti ikasema maharage mapya hayakuonyesha tofauti yoyote, na kwa hiyo hayataletwa upande wa chini wa Heru Juu, wala kijiji kingine chochote. Upande wa chini hawakulalamika. Mbegu walikuwa nayo tayari, kwenye vibuyu, juu ya moshi.

Mwaka uliofuata Esteri alikwenda Gwarama, mbele ya Kibondo, kumtembelea mdogo wake Nizigiyimana, aliyeolewa huko. Walikwenda na Claudine, na begi alibeba Claudine. Waliposhuka kwenye pikipiki wakaona watu uwanjani, na ndoo, na vifuniko viwili vya soda.

"Karibu, Mama Kipriani," akasema Dk. Anania, na kweli alifurahi kumwona. Wafadhili walitaka utafiti urudiwe, akamweleza, kwa kanuni zilizokazwa. Mwenyekiti wa huko akafumba macho, akatoa kifuniko. Upande wa juu wakapiga vigelegele. Upande wa chini wakapanga foleni ya sabuni, na katika foleni hiyo Esteri aliona watoto wenye viganja vyeupe, wameketi chini kusubiri zamu za mama zao.

Kanuni mpya ilikuwa moja. Kila mpandaji ajaze maji mdomoni kabla ya kushika jembe, na asiyameze wala kuyatema mpaka shamba liishe.

Siku ya kupanda ilipofika, Esteri alisimama barabarani na Claudine, akatazama watu wa juu wakipanda. Mlima wote ulikuwa kimya, mashavu yamevimba, hata mbwa hawakubweka. Nizigiyimana alipanda mistari yake hadi ule wa kando ya njia. Akafukia mbegu ya mwisho kwa mguu. Mikono ilikuwa na udongo, mdomo ulikuwa na maji. Akamtafuta kwa macho jirani yake wa ng'ambo, akainua kidevu kumwelekea, taratibu, kama mtu anayesema huyu hapa.

Shamba lililofuata, kidevu kikainuka. Na lililofuata. Videvu vikateremka mlima hadi mtoni.

Twalibu alikuwa kando ya pikipiki yake na karatasi ya kanuni mkononi. Aliona. Akaisoma karatasi mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. Kisha akaikunja, akavaa helmeti, akakaza mkanda wake barabara chini ya kidevu, ingawa ilikuwa siku ya kupanda tu na maharage yalikuwa bado ardhini.