Theluji Aliyoibakiza Waltraud

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na mji wa Quedlinburg ulikuwa mweupe hadi kwenye vibao vya madirisha. Bibi Waltraud alipanda taratibu mtaa wa mlimani, ameshikwa mkono na binti yake Anke. Alitaka kitu kimoja tu: kuuona tena ua wa nyumba aliyozaliwa, wenye mti wa matufaha alioupanda baba yake. Nyumba ilikuwa imeshauzwa, na mwenye nyumba wa sasa alikuwa anahama baada ya sikukuu.

Jumapili za kabla ya Krismasi watu wa mji ule huwafungulia wageni nyua zao, na kila lango lililo wazi hutundikwa tawi la msonobari. Lango hili halikuwa na tawi. Walibisha hodi, wakabisha tena, kimya. Anke akamsihi mama yake wateremke wakanywe mvinyo wa moto, baridi isije ikamtia homa.

Lakini Waltraud alikuwa anaitazama njia mbele ya lango. Haikuwa imefagiwa, na majirani wa mtaa ule hawasamehe jambo hilo. Aliona aibu kana kwamba nyumba bado ni yao. Kando ya lango palikuwa na fagio, akalichukua.

Dirisha la ng'ambo likafunguka. Mzee mmoja mwenye sweta la kijani akatoa kichwa.

"Saa nne hii ndiyo mnaamka kufagia? Na wewe mama, kazi gani hiyo? Umebakiza ukanda mzima hapo ukutani."

"Huo ni wa sleji," Waltraud akajibu bila kugeuka. "Watoto watelezee wapi na vibao vyao?"

Mzee akajitokeza zaidi dirishani. Kisha akasema polepole, "Mtaa huu mtoto aliyekuwa anafagia hivyo ni mmoja tu, na alichapwa kwa ajili hiyo. Traudel?"

Waltraud akageuka kwa kusikia jina lake la utotoni. "Lothar. Bado unachungulia tu dirishani?"

Lothar alivuka njia na ndara zake ndani ya theluji, akacheka mpaka akakohoa. Akawaeleza kwamba Friederike, mwenye nyumba, amevunjika mguu, analala chumba cha nyuma, hasikii mlango. Akazunguka kumgongea dirishani, na baada ya kitambo lango likafunguliwa na mwanamke mwenye magongo, akiomba radhi kwamba njia haikufagiwa.

Mti ulikuwepo. Umezeeka, umeinama, kila tawi limebeba theluji yake. Waltraud aliweka kiganja kwenye gome, akakaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Friederike akamwagiza Anke jikoni akalete kahawa na mkate mtamu wa zabibu, na Lothar akaenda kwake kukata tawi la msonobari la kutundika.

Lothar aliporudi, Anke alikuwa nje ya lango ameshika fagio, anataka kumalizia ule ukanda.

"Uache, mwanangu," Lothar akasema. Juu ya mlima watoto wawili walikuwa wameshakalia sleji yao.