Hifazi ya Kichaka cha Uyoga

Mume wangu Lugembe alikwenda semina Tabora mjini wiki nzima, akarudi na neno. Wanaume wengine wakienda mjini hurudi na kanga, au basi hata sukari. Wangu alirudi na "hifadhi".

Jioni hiyo hiyo alinikuta nachochea moto wa maharage.

"Mama Leonia," akasema, begi bado liko mkononi, "hizo kuni ni rasilimali. Inatupasa kuhifadhi mazingira."

"Ukiyataka mabichi sema, nikupakulie sasa hivi."

Aliyasubiri yaive, akala, akaomba sahani ya pili.

Neno likaenea kama upele. Kijiji chetu cha ujamaa, si mbali na Urambo, kilikuwa kimeshachoka na maneno ya zamani, kwa hiyo hili tulilipokea kwa mikono miwili. Mlevi akikutwa amelala katikati ya shamba la pamoja, alisema anahifadhi nguvu kazi. Mwenyekiti Masolwa alikuwa akitangaza kwamba kikao kimehifadhiwa, maana yake kimeahirishwa. Lugembe mwenyewe aliacha kulima upande wa chini wa shamba letu ili udongo uhifadhiwe, akawa anauhifadhi kwa kulala chali kivulini.

Na wakati wote huo miti ilikuwa inakwisha. Tumbaku haikaushwi kwa maneno. Mabani ya kukaushia yanataka magogo mchana na usiku, na sisi tulikwisha kata miyombo yote mpaka barabarani. Kilibaki kichaka kimoja tu kule bondeni, kwenye njia ya zamani ya misafara, mahali ambapo wapagazi walikuwa wakitua mizigo yao ya pembe. Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga huota humo chini ya miyombo, mwingine mpana kama sahani. Mama yangu alinifundishia humo upi unaliwa na upi unaua. Mimi na Nyamizi, ambaye baadaye aliolewa na huyo Mwenyekiti Masolwa, tulichuma humo tangu usichana, tukiitana mti hadi mti na kuimba nyimbo ambazo waume zetu hawatakiwi kuzisikia. Nilikipenda kichaka kile kuliko nyumba yangu, na sioni haya kusema.

Halmashauri ya kijiji ikaamua kikatwe Jumatatu, kikaushie tumbaku. Kikao hicho hakikuhifadhiwa.

Nilisimama nikauliza uyoga utaota wapi. Wakacheka. Masolwa akanijibu kwa upole, jinsi mtu anavyomjibu mtoto, "Dada Paskazia, uyoga si zao la biashara." Lugembe, huyo huyo wa mazingira, alinyoosha mkono kuunga mkono hoja, na kwa kuwa alitaka aonekane, akanyoosha na wa pili.

Nilirudi nyumbani nimefura. Kama huku wanasikiliza maneno tu, nikawaza, basi na mimi ninalo moja. Nilikuwa nimetoka kumaliza kisomo cha watu wazima. Nikang'oa ubao kwenye mlango wa banda la mbuzi, Nyamizi akaniletea chokaa iliyobaki ofisini kwa mumewe, wala hakuniuliza ya nini. Nikaandika kwa herufi kubwa: HIFAZI. Ndivyo tunavyolitamka kwetu. Yeye akashika ubao, mimi nikapigilia misumari kwenye mti wa mbele.

Jumatatu wakaja na mashoka. Wakasoma. Wakasimama. Hakuna aliyeuliza nani kaandika, waliuliza nani kaamuru, na kila mmoja alidhani ni mkubwa wake. Masolwa alidhani ni watu wa kata, watu wa kata wakadhani ni wilaya. Mwalimu wa shule aliliona kosa, nilimwona midomo ikimcheza, lakini akanyamaza. Huenda alidhani siku hizi ndivyo lilivyoagizwa liandikwe. Mashoka yakarudi nyumbani, na mimi na Nyamizi tukajifungia jikoni tukacheka mpaka machozi.

Kabla ya mvua alipita mgeni kutoka mkoani kukagua tumbaku. Akaliona bango, akasimamisha Landrova, akashuka. Alifurahi nusura alie. Tukakusanywa juani akatuhutubia: kijiji cha mfano, wananchi wamejianzishia hifadhi wenyewe bila kusukumwa, vizazi vijavyo vitatushukuru. Tukapiga makofi. "Na hifadhi ina sheria zake," akaendelea. "Binadamu haingii. Kuni marufuku, mizinga marufuku, uyoga marufuku." Mikono yangu ilikuwa bado inapiga makofi niliposikia uyoga.

Masolwa akatia sahihi amri palepale. Akatakiwa mlinzi anayeelewa mazingira. Nani mwingine? Lugembe akapewa koti la mvua na filimbi.

Mvua ilinyesha siku mbili. Nikachukua kapu langu nikashuka bondeni, nikamkuta mume wangu amesimama njiani, koti limemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Mama Leonia, binadamu haruhusiwi."

"Na wewe uliyesimama humo?"

"Mimi ni mlinzi."

"Haya. Kwangu wanalala binadamu tu."

Yeye wa semina akaitia filimbi mdomoni. Kisha akageukia barabarani, akanipa mgongo, akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote ili kijiji kizima kisikie kwamba analinda. Nikapita.

Uyoga ulikuwepo, mwingi, mwingine umeshaanza kuoza kwa kukosa mtu. Nilichuma haraka haraka. Mama yangu hakunifundisha kuchuma hivyo. Nilijiona mwizi, na hasira zikanipanda, kwa sababu sikuwa nimeiba kitu.

Kikavunjika kijiti ambacho sikukikanyaga mimi. Nikajibanza nyuma ya myombo. Mbele yangu mtu mwingine naye akajibanza nyuma ya wake, ila pindo la kanga likabaki nje, na kanga ile niliijua. Nikachungulia, naye akachungulia. Alikuwa Nyamizi, kapu limejaa, amelifunika kwa mikono yote miwili.

Tulitazamana kidogo. Kisha kila mmoja akashika njia yake. Hatukusalimiana.